Msagaji ni nani hasa? Neno la watu wa unga lililopotelea njiani

Shemeji yangu alifungua mashine ya kusaga mwaka juzi, kila kitu kikawa tayari, umeme umevutwa, mzani upo, dogo wa kuendesha kapatikana, ikabaki bango tu. Sasa yeye ni mtu wa maneno makubwa makubwa, akaandika kwenye karatasi anachotaka kisomeke pale juu ya mlango: jina lake, halafu chini yake MSAGAJI BORA. Fundi wa mabango akaisoma, akairudia, akamuuliza "mzee una uhakika na hili?" Shemeji hakuelewa. Vijana waliokuwa wamekaa pale nje ndio walielewa kabla yake, mmoja ikabidi ainuke akachekee mbali kwa heshima.

Jioni ishu ikaletwa kwenye grupu la familia. Wengine wakasema kuna ubaya gani, anayesoma ni msomaji, anayecheza ni mchezaji, anayesaga mnataka aitwe nani. Wengine wakaweka zile emoji za kuziba mdomo. Mama mkwe, ambaye huwa anaandika mara moja kwa mwezi, akaandika neno moja tu: "Lifutwe."

Mi ndio nikabaki na swali. Maana kama kuna kazi ambayo kila mla ugali anaihitaji ni hii, na lugha yetu ina maneno ya mpaka mtu anayepanda mnazi kuangua nazi (mkwezi), inakuaje mtu anayetusagia unga hana jina ambalo anaweza kuliandika mlangoni kwake bila watu kuinuka kwenda kucheka? Nikaanza kufuatilia, na kilichonishangaza sio ile maana ya pili ya neno, hiyo kila mtu mzima anaijua. Kilichonishangaza ni kwamba kazi yenyewe karibu haikuwahi kuwa na jina.

Tuanze na kitenzi maana hapo ndio kwenye mzizi. Kusaga ni kuweka kitu katikati ya vitu viwili vigumu na kukisugua mpaka kiwe unga au kilainike. Ni msuguo, sio kipigo. Watu wanachanganya sana kusaga na kutwanga ila ni kazi mbili tofauti kabisa, kutwanga ni mchi unapanda unashuka ndani ya kinu, unaweza ukatwanga ili kutoa ganda tu na punje zikabaki nzima, ndio maana mpunga unatwangwa unakuwa mchele, hauwi unga. Ukiendelea kutwanga na kuchekecha, kutwanga na kuchekecha, utapata unga pia, na sehemu nyingi unga ulipatikana hivyo hivyo, lakini bado hujasaga, umetwanga. Kutoa ganda la nje la nafaka kuna kitenzi chake, kukoboa. Kurusha rusha kwenye ungo ili makapi yapeperuke, kupepeta. Halafu kuna kupaaza, hiki nakipenda sana na kinakufa, ni kusaga juu juu mpaka punje zivunjike vipande vipande bila kuwa unga laini, siku hizi ukimwambia mtu "nipaazie hii" anadhani unaongelea sauti.

Na kwenye kusaga kwenyewe vifaa vilikuwa vya aina mbili. Kuna jiwe pana lililolala chini, limechimbika kidogo katikati kwa kutumika, na jiwe dogo la kushika kwa mikono, unapiga magoti unasukuma mbele unarudisha nyuma, uzito wa mwili wote uko kwenye mabega. Halafu kuna kijaa, ambacho ni mawe mawili ya mviringo, moja juu ya jingine, la juu lina tundu la kumiminia nafaka na kijiti cha kuzungushia. Kijaa ukikaa nacho mchana mmoja mkono unakufa ganzi ila ni afadhali kuliko kupiga magoti. Neno kijaa nalo limebaki kwenye kamusi na kwenye midomo ya wazee wa pwani, vijana wakilisikia wanadhani ni kijana lililoandikwa vibaya.

(Hapa niseme kitu haraka, kisaga sio kifaa cha kusagia. Ni kipimo cha zamani, vibaba viwili ni kisaga kimoja, na visaga viwili ni pishi. Nimeona mtu anabishana kwamba kisaga ni kijaa kidogo. Hapana.)

Sasa angalia nani alikuwa anafanya hiyo kazi. Sio fundi, sio mtu wa kijiwe fulani ambaye unampelekea mahindi yako. Alikuwa mama, dada, shangazi, bi harusi mpya aliyefika juzi, alfajiri giza bado halijatoka, kila nyumba na jiwe lake. Kazi hii ilikuwa ya kila nyumba kama kufagia uwanja. Na sio kwetu tu, wanaosoma Biblia watakumbuka Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ukilichukua umechukua uhai wa ile nyumba, yaani inachukuliwa kwamba kila nyumba ina lake. Samsoni alipokamatwa na Wafilisti wakamtoboa macho wakamweka gerezani asage, na nusu ya ile adhabu ni aibu, mwanaume shujaa kupewa kazi ambayo ilikuwa ya wanawake na watumwa.

Kazi ambayo kila mtu anaifanya nyumbani haipati cheo. Mama akipika nyumbani kwake hatumwiti mpishi, tunasema mama anapika. Mpishi ni yule wa hotelini, wa kwenye shughuli, wa kulipwa. Kufagia vivyo hivyo, mfagiaji ni yule wa manispaa mwenye reflekta. Kwahiyo kusaga kukabaki kitenzi miaka na miaka, watu wanasaga, wamesaga, wanasagiana kwa zamu, lakini "msagaji" kama cheo hakuna sababu ya kumtaja maana ni nani ambaye hakusaga?

Na hili linaonekana kwenye umbo la neno lenyewe, hapa nivumilie kidogo kuna sarufi lakini sio nyingi. Majina yetu mengi ya kazi za zamani yanaishia na i, na ile i ina tabia ya kubadilisha konsonanti iliyoko mbele yake. Pika anakuwa mpishi, suka anakuwa msusi, saka (kuwinda) anakuwa msasi, jenga anakuwa mjenzi, finyanga anakuwa mfinyanzi, tunga anakuwa mtunzi. Kuna mpaka loga anakuwa mlozi, g imegeuka z. Sasa fuata mkondo huo huo, loga mlozi, saga je? Ilitakiwa iwe "msazi". Halipo. Sijalikuta kwenye kamusi yoyote niliyofungua wala sijawahi kumsikia mzee analitamka. Mchawi ana jina la kiufundi la kale, mtu wa unga hana!

Kilichopo ni msagaji, kwa ile njia ya -ji ambayo ni rahisi na iko wazi kwa kila kitenzi, unaweza ukaibandika popote na ukaeleweka, mkimbiaji, mlalamikaji, mkaaji, mpitaji. Neno la -ji mara nyingi ni maelezo tu ya mtu anayefanya kitu mara kwa mara, sio lazima iwe kazi yake wala ajulikane nalo. Mlalamikaji hana ofisi. Kwahiyo msagaji lilikuwepo kama uwezekano wa lugha, kama nyumba iliyojengwa haina mpangaji, na nyumba isiyo na mpangaji mnajua huwa inakuaje, siku moja unapita unakuta mtu ameshaingia.

Kabla sijafika kwa huyo mpangaji, linganisha na wenzetu wa Ulaya kidogo maana ndio utaona tofauti. Wale walihamisha kusaga nyumbani mapema sana kwa sababu ya vinu vya maji na baadae vya upepo. Kinu cha maji ni gharama, unahitaji mto, gurudumu, mawe makubwa, jengo, kwahiyo kijiji kizima kinu kimoja na mara nyingi kinu ni cha bwana mwenye ardhi na mmelazimishwa kusaga hapo hapo, na malipo yanakatwa kwenye nafaka yako. Uingereza ilipofanyiwa ile hesabu kubwa ya mali ya mwaka 1086 vilikutwa vinu zaidi ya 5,000. Kila kinu na mtu wake mmoja, kila mtu anamjua, kila mtu anamlaumu kwamba anapunja. Mtu wa namna hiyo lazima apate jina na jina likahamia kwa watoto. Ndio maana Müller, yaani mtu wa kinu, ndio jina la ukoo linaloongoza kwa wingi Ujerumani, Waingereza wana Miller, Wafaransa wana Meunier, Waarabu nao wana Tahhan. Sisi hatuna ukoo wa namna hiyo kwa sababu hatukuwa na huyo mtu mmoja wa kijiji, tulikuwa na mawe mia na wanawake mia.

Halafu mashine ikaja.

Hapa ndipo kusaga kukatoka nyumbani kweli kweli, injini ya dizeli, zile Lister zinazosikika kijiji cha pili, mkanda mrefu, kelele, vumbi la unga, na foleni ya ndoo na madebe. Kwa mara ya kwanza kukawa na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusaga vya watu wengine kwa malipo, huyo ndio alitakiwa aitwe msagaji. Lakini angalia lugha ilichofanya: ikampa jina mashine, mtu ikamsahau. Tunaenda "mashine". Tunatuma mtoto "mashineni". Anayeendesha ni "mtu wa mashine", "dogo wa mashine", "opereta", au "fundi" kama ni mkubwa kidogo. Na sentensi yenyewe ikagawanywa watu watatu kwa viambishi, hapa Kiswahili kinanifurahisha, mashine ndio inasaga, mtu wa mashine anakusagia, na wewe uliyebeba ndoo umeenda kusagisha. Kila mtu ana kitenzi chake na hakuna aliyebaki na haja ya nomino.

Kenya wao wana posho mili, na hilo neno posho lina safari yake ambayo inafaa kuisema maana watu wa nchi tatu wakikutana wanaelewana vibaya. Posho mwanzoni ni chakula anachopimiwa mtu wa kazi, mpagazi, askari, kibarua, kwa siku au kwa wiki, na kwa sehemu kubwa ya ukoloni chakula hicho kilikuwa unga wa mahindi. Kenya likabaki kwenye mashine inayosaga huo unga. Uganda likahamia kwenye chakula chenyewe, ukiambiwa kuna posho na maharage umeletewa ugali. Tanzania likapanda cheo likawa pesa, posho ya kikao, posho ya safari, posho za wabunge. Kwahiyo Mtanzania akisikia posho mili kwa mara ya kwanza anashangaa, mashine ya kusaga posho? Ingekuwepo watu wangepanga foleni usiku kucha. Magharibi mwa Kenya utasikia pia kisiagi, unga wa kisiagi, maana yake ule uliosagwa mashineni mtaani na sio wa pakiti, na kwa Waluhya kusaga wanaita kusia, sikiliza hapo utaona neno limetoka wapi.

Kwetu bango la kawaida limekuwa TUNAKOBOA NA KUSAGA, na hiyo koboa ndio imezaa mgawanyo wa unga, sembe ni wa mahindi yaliyokobolewa, mweupe laini, dona ni wa mahindi mazima na ganda lake na kiini chake. Pumba ndio inabaki kwenye kukoboa, kuku na nguruwe wanafaidi vitamini zetu.

Sasa yule mpangaji. Wakati kazi haina jina na jina halina kazi, neno msagaji lilikuwa limeshachukuliwa mahali pengine. Kitenzi saga kina mnyambuliko wa kutendana, sagana, na kwa maana ya mwili kusagana ni mapenzi ya mwanamke na mwanamke. Hapo msagaji ni mwanamke anayependa wanawake na usagaji ni hiyo hali. Kamusi za Kiswahili zinaziweka maana zote mbili chini ya neno moja, ya nafaka kwanza na hii ya pili, lakini mtaani namba mbili ndio imekuwa namba moja, na mara nyingi inatamkwa kwa dharau, ni neno linalorushwa kwa mtu, sio ambalo wanawake wenyewe wengi wangejitambulishia, na ndio maana vyombo vya habari makini siku hizi vinaandika wapenzi wa jinsia moja.

Watu wanadhani hii ni akili chafu ya vijana wa sasa. Wala. Picha ya kusugua imetumika kwa maana hiyo hiyo sehemu nyingi za dunia na zamani sana. Wagiriki walikuwa na neno tribas kutoka kitenzi chao cha kusugua. Waarabu wana mzizi wa sahaqa, kusaga kitu mpaka kiwe ungaunga, na kutoka humo humo wana sihaq, ambayo ndio usagaji kwa maana hii ya pili. Ila Waarabu walikuwa na bahati moja ambayo sisi hatukuwa nayo, wana vitenzi viwili. Nafaka inasagwa kwa tahana, na humo ndio anatoka Tahhan mtu wa kinu na hata tahini, ile ufuta uliosagwa. Kwahiyo bwana Tahhan anaweka jina lake mlangoni bila wasiwasi, lile neno jingine liko mzizi mwingine kabisa. Sisi tumeweka vyote kwenye kitenzi kimoja, nafaka, mapenzi, meno, halafu tunashangaa bango linachekwa.

Je neno limekufa kwa maana ya unga? Hapana, na hapa ndio nataka watu wawe makini maana kuna wanaosema "msagaji ni tusi usitumie". Sio kweli. Angalia magazeti ya Kenya, wasagaji wapo kila bei ya unga ikipanda. Mwaka 2017 serikali kule ilipotoa ruzuku mpaka pakiti ya kilo 2 ikauzwa shilingi 90, taarifa ya habari haikupita siku bila wasagaji wamesema hivi, wasagaji wanadai fedha zao, wasagaji wamepewa mahindi, na hakuna mtu aliyecheka. Kwanini? Kwa sababu tatu naona mimi. Moja, pale neno limebeba mzigo wake, wasagaji wa mahindi, wasagaji wa nafaka, likishabeba mzigo halina nafasi ya maana nyingine. Halafu liko kwenye wingi na ni kampuni, sio mtu, ukisema wasagaji kwenye habari ya uchumi unaona maghala na malori. Na mwisho muktadha umeshatangazwa, mtu anajua ni habari ya unga kabla neno halijafika. Bango la shemeji lilikosa yote hayo, umoja, mtu mwenye jina lake, hakuna nafaka, halafu akaongeza BORA. Hiyo bora ndio ilimmaliza kabisa.

Wengine wanakwepa kwa kutumia msagishaji, na utaona Kenya wanaandika pia wasagishaji. Hapa wazee wa sarufi wanaweza wakabisha, kusagisha si ni kazi ya mteja? Ukitaka kuwa mkali ni kweli, -isha ni kufanya kitu kifanyike, na mwenye ndoo ndio anayesababisha. Lakini hata mwenye kiwanda anasababisha, yeye mwenyewe hasagi, kaajiri watu na mitambo wasage, kwahiyo neno linamkaa vizuri tu. Tanzania tulikuwa nalo hili serikalini kabisa. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 vinu vikubwa vya binafsi vilitaifishwa na likaja shirika la umma ambalo wengi wanalikumbuka kwa herufi zake NMC (National Milling Corporation), kwa Kiswahili likiitwa Shirika la Usagishaji. Usagishaji, sio usagaji. Waliokula ule unga wa njano wa msaada wakati wa njaa za miaka ya 70 wakaubatiza jina yanga kwa sababu ya rangi ya klabu wanajua naongelea nini.

Kuna njia ya tatu nayo mi ndio naipenda kuliko zote, ni kuacha -ji na kuunganisha kitenzi na kitu chake, kama muuza duka, mpiga picha, mfua nguo, mla rushwa. Msaga unga. Hapo hakuna utata hata chembe maana kitu kinachosagwa kimetajwa papo hapo. Kwenye singeli kuna msanii anajiita Msaga Sumu, jina kali, na sijawahi kusikia mtu analichukulia vingine, kwa sababu umeshaambiwa anasaga nini. Wakati wale waliotafsiri Biblia walipofika Mhubiri 12, pale uzee unaelezwa kwa mafumbo na meno yanaitwa watu wanaosaga ambao wamepungua, waliandika "wasagao". Nayo ni njia, ila ya maandiko, ukiiweka kwenye bango la mtaani watu watadhani ni kanisa.

Nikampa shemeji hilo la msaga unga. Akasema linasikika kama jina la utani la mlevi.

Tukajaribu mengine tukagundua kwamba huu ukoo mzima wa maneno umeharibiwa na sio hilo moja. Muuza unga? Aa, hiyo ndio unaletewa polisi, unga mtaani ni dawa za kulevya, wauza unga ni wale wenye kesi. Mfalme wa sembe? Mbaya zaidi, sembe nayo ni jina jingine la hayo hayo madawa. Pumba, ukimwambia mtu anaongea pumba umemtukana. Kutwanga nako, mtu akipigwa ametwangwa, ukimpigia simu umemtwangia, na anayetwanga maji kinuni anajisumbua bure. Kinu angalau kimepanda daraja, taarifa za habari zina vinu vya nyuklia, kutoka kutwangia kisamvu mpaka kuzalisha umeme. Na saga yenyewe kila mahali imekaa vibaya, kusaga meno ni hasira au jehanamu, gia ikisaga gari linaumwa, ukisagiwa kunguni jua kuna mtu amekusema vibaya kwa bosi, ukisaga lami huna kazi.

Hili nalo nadhani linatokana na kile kile, kazi ilikuwa ya kila nyumba, kila mtu aliijua kwa mikono yake, kwahiyo maneno yake yalikuwa karibu mdomoni wakati wowote mtu anapotafuta picha ya kuelezea kitu kingine. Hakuna anayechukua mifano kutoka kwenye kazi ambayo hajawahi kuiona. Ukilima unasema mambo kwa jembe, ukivua unasema kwa nyavu, na bibi zetu walisaga kwahiyo wakasema kwa kusaga, mapenzi, fitina, uzee, shida, vyote. Neno la ufundi wa mtu mmoja linabaki safi kwa sababu ni watu wachache wanalishika. Mhunzi hajawahi kupata maana ya pili ya kuchekesha.

Kwa wanaouliza watumie lipi, kwenye maandishi rasmi andika msagaji wa nafaka au msagishaji wa nafaka, mzigo ukiwepo uko salama. Kwa mtu mmoja unayemwelezea mtaani sema anaendesha mashine ya kusaga, ni ndefu ila kila mtu anaielewa. Mtoto akijaza fomu ya shule kwenye kazi ya mzazi mwambie aandike hivyo hivyo, asifupishe. Kwenye tafsiri ukikutana na yule mtu wa kinu wa kwenye hadithi za Ulaya, mwenye kinu inatosha sana, maana kwenye zile hadithi kinu chake ndio kinachomfanya awe yeye.

Bango liliishia kuandikwa MASHINE, kubwa, bluu, na chini TUNAKOBOA NA KUSAGA, kama la kila mtu. Jina lake shemeji akaliweka pembeni dogo. Benki walipomuuliza kazi yake akawaambia mfanyabiashara. Na yule dogo anayesimama pale kuanzia asubuhi na kope nyeupe kwa vumbi, ambaye ndiye anayesaga kweli, nimemuuliza juzi watu huwa wanamwitaje. Akafikiria kidogo akasema wengi wanapiga tu hodi wanaita "mashine!" na yeye ndio anaitika.